Mistari Thelathini

Sehemu ya Saba: Kinanda Kilichonyamaza

Jumamosi iliyopita tulimwacha Imakulata Shilinde amesimama mbele ya meza ya mhariri, na mhariri ameshika ukurasa wa kumi na moja.

Ukurasa huo ulikuwa wa mwisho. Marko Lugembe, mhariri wa Msafara, gazeti la kila mwezi, hakuwa na desturi ya kugusa ukurasa wa mwisho wa hadithi ya mtu. Waandishi wote wa Tabora walilijua hilo. Alisoma ukurasa wa kwanza, akapima unene wa karatasi kwa kidole gumba, basi. Siku hiyo alianzia mwishoni.

Akiusoma, mpango wa miezi mitano umekufa.

Lugembe alivaa miwani. Akaiteremsha ncha ya penseli ya bluu ukingoni mwa karatasi, midomo ikicheza. Imakulata aliitazama midomo hiyo, ndipo akaweza kupumua. Midomo ilikuwa ikitaja tarakimu. Lugembe hakuwa anasoma. Alikuwa anahesabu.

"Imezidi," alisema. "Mistari thelathini na sita, kama si saba."

Imakulata alijua kwamba si saba.

"Kata unapoona panafaa, Bwana Mhariri."

Lugembe akavua miwani. Waandishi wengine wakikatwa hulia, huleta barua za padri, huleta wajomba. Huyu alikuwa mwalimu mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, na mwezi wa Machi alikuwa amempigia kelele mezani pale pale mpaka wapita njia wakachungulia dirishani.

"Mara ile hukusema hivi."

"Mara ile nilikuwa sijui kazi."

"Na sasa umejua."

"Nimefundishwa," alisema Imakulata, akaangusha macho.

Kilichotokea mwezi huo wa Machi, mwaka 1953, ni hiki. Imakulata alikuwa ameandika hadithi ya kwanza maishani mwake, juu ya katekista wa kijijini anayeshukiwa kuiba nta ya mishumaa ya altare. Hadithi haikutaja jina la mtu, lakini kila aliyezaliwa karibu na stesheni ya Usoke alijua katekista huyo ni nani. Alikuwa Ambrosi Shilinde, baba wa mwandishi. Nta ilipotea kweli, mwaka 1939, na minong'ono haikufa. Binti alitaka kuizika. Katika mistari thelathini ya mwisho nta inapatikana, mwizi anajulikana, katekista anatoka akiwa safi.

Mistari hiyo thelathini haikuchapwa. Hadithi ilikomea pale ambapo katekista anainamisha kichwa mbele ya padri na kukosa la kujibu.

Watu wa Usoke wakasoma. Wakasema hata bintiye wa kumzaa amekubali. Baada ya Pasaka mzee Ambrosi aliondolewa ukatekista alioutumikia miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo, hadithi ilipotoka tu, Imakulata alikuwa amekwenda kwa Lugembe kuomba masahihisho, na Lugembe akamjibu bila kuinua kichwa, "Hadithi ni hadithi. Hakuna jina la mtu mle."

Katekista mpya angesimikwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, karibu mwezi mmoja kabla ya Krismasi. Padri alikuwa amesema atamrudisha wa zamani iwapo kabla ya siku hiyo jambo la nta litanyooka mbele ya watu. Lisiponyooka, basi mzee atakufa na doa hilo. Hicho ndicho alichokuwa akikipigania Imakulata. Lakini ningedanganya kama ningesema alipigania hicho tu. Alitaka pia Marko Lugembe aonje kisu chake mwenyewe.

Kisu alikijua vizuri sasa. Ukurasa wa hadithi katika Msafara ulibeba mistari mia mbili na arobaini. Hadithi ikizidi, Lugembe hakukata kichwa wala tumbo. Alikata mkia, kutoka chini kwenda juu, mpaka itoshe, na mkia wenyewe akautupa kapuni bila kuusoma. Hesabu hizo Imakulata alizipata kwa mzee Abasi Mabruki, mpanga herufi wa kiwanda cha kuchapia gazeti, mtu wa Gongoni, aliyekuwa akizipanga herufi za risasi za gazeti lile tangu toleo la kwanza.

Kwa hiyo aliandika hadithi ya pili yenye mistari mia mbili sabini na sita. Si mmoja zaidi.

Iliitwa Mtu wa Saa ya Mnyororo. Inamhusu karani wa Boma wakati wa vita, mtanashati, mwenye saa ya fedha mfukoni. Mwanzoni anasifiwa mno. Kuelekea mstari wa mia mbili tunaanza kumtilia shaka. Katika mstari wa mia mbili na arobaini tunamwona akifuta jina lake kwenye orodha ya waendao vitani na kuliandika la rafiki yake, na rafiki harudi. Mistari thelathini na sita inayobaki inaeleza kuwa aliyeandika alikuwa karani mwingine, na mwenye saa ndiye aliyeitafuta haki ya marehemu kwa miaka minane.

Lugembe alikuwa karani wa Boma wakati wa vita. Mnyororo wa saa yake ya fedha ulionekana tumboni mwake kutoka upande wa pili wa soko.

Akasoma ukurasa wa kwanza pale pale. Alipofika kwenye saa, alitabasamu kidogo na kuigusa yake. Kisha akaandika juu ya karatasi, kwa bluu, *Kata kutoka chini*. Akauliza kwa desturi ya ofisi kama kuna mtu wa kweli aliyetajwa humo.

"Hadithi ni hadithi, Bwana Mhariri."

Akacheka. Hakukumbuka maneno hayo aliyasema nani.

* * *

Msafara wa Oktoba ulitoka Jumamosi ya kwanza. Imakulata alilinunua stesheni, akafungua ukurasa wa hadithi akiwa amesimama. Mstari wa mwisho ulikuwa ule ule aliouchagua. *Akafuta, akaandika, akatazama saa.* Chini yake palikuwa na tangazo la sabuni.

Jumatatu hapakuwa na kitu. Jumanne, fundi cherehani mmoja sokoni alimwuliza Lugembe saa ngapi. Huenda alitaka kujua tu. Lugembe akaitoa, akamwambia ni tatu na robo. Watu watatu waliokuwa karibu wakageukia ukutani, mabega yakitikisika.

Kufikia Alhamisi mji mzima ulikuwa umepungukiwa na saa. Makarani walimwuliza. Wauza samaki walimwuliza. Wachukuzi wa stesheni, chini ya saa kubwa ya reli yenye uso kama sinia, walimsimamisha kwa adabu na kumwuliza. Zamda, muuza maandazi wa njia ya Isevya, alitaka kujua kama ile saa inatembea au imesimama tangu vita.

Ijumaa Lugembe akaiacha saa nyumbani. Zamda akaukagua mfuko mtupu kutoka juu mpaka chini.

"Leo umeipeleka jeshini badala yako, Bwana Lugembe?"

Imakulata alikuwa hatua ishirini nyuma. Alilisikia neno hilo, akalibeba kutwa nzima kama mtu aliyepewa zawadi.

Jambo moja hakulihesabu. Jumamosi asubuhi mama mmoja wa Ng'ambo, Maua, ambaye mwanawe hakurudi kutoka Burma, alikuja akaketi barazani pa ofisi ya Msafara. Alikaa mpaka adhana ya adhuhuri, akainuka, akaenda zake. Jumatatu akarudi, akaketi pale pale. Imakulata alimwona, akapitia njia nyingine.

Wenye gazeti wakamwita Lugembe. Walimpa mpaka toleo la Novemba awe amejisafisha, ama atafute kazi nyingine.

Ndipo Imakulata alipoingia ofisini bila kupiga hodi.

Alimkuta Lugembe hana koti. Alikuwa amekonda usoni kwa siku tisa. Hakupoteza wakati.

"Unataka nini?"

Alitaka mikia miwili. Alimweleza kwa utulivu kuwa karatasi anazozikata huwa anazitupa, kwa hiyo nakala ya mkia wa karani ipo kwake yeye Imakulata peke yake. Alikuwa tayari kuitoa. Toleo la Novemba lichape mkia wa karani, na Lugembe atakuwa mtu mwema wa hadithi. Lichape na mkia wa nta, na baba yake atarudi altareni. Novemba ndiyo ya mwisho kabla ya Majilio.

"Wa karani nitauchapa hata kesho," Lugembe akasema. "Wa nta sichapi."

"Yote miwili, au sitoi hata nukta."

Lugembe akatazama dirishani. Mama Maua alikuwa pale barazani.

"Basi waache waniulize saa mpaka nife."

Imakulata alikuwa amejiandaa kwa vitisho, na hata kwa machozi. Hili hakujiandaa nalo. Mtu anayezama anarushiwa kamba, anaisukuma kwa mguu. Kwa nini? Mistari thelathini juu ya nta ya miaka kumi na minne iliyopita ina uzito gani hata izidi mji mzima?

* * *

Mzee Abasi alikuwa ua wa nyuma akiosha mikono kwa mafuta ya taa. Wino wa kiwanda haukubali maji. Imakulata alimwamkia, akaitikiwa, akaeleza kila neno lililosemwa. Alitarajia mzee acheke. Abasi aliendelea kusugua kucha.

"Binti Ambrosi, hii ya karani uliihesabu?"

"Mara nne."

"Na ile ya nta?"

Ile ya nta hakuihesabu. Wakati ule hakujua kuwa hadithi huhesabiwa, na alipojua, hasira ilikuwa imekwisha kumhesabia. Iliyokatwa ni iliyozidi. Zaidi ya hapo hakuuliza.

"Mistari mia mbili thelathini na minane," alisema Abasi. "Niliipanga kwa mikono hii. Ilitosha, na nafasi ya mistari miwili ikabaki."

"Pale chini palikuwa na picha ya tembo."

"Tembo nilimtia mimi. Mkia wako nilikuwa nimekwisha kuupanga wote. Asubuhi yake bwana akaja na pruf mkononi, akaniamrisha niuvunje. Nikauvunja. Herufi nikazirudisha kila moja mahali pake. Wanyamwezi mna maneno mengi, nikadhani umeandika tusi."

Alijaribu kucheka kwa utani wake mwenyewe, hakuweza. Tangu Aprili, aliposikia katekista ameondolewa, jambo hilo lilikuwa limemkaa rohoni. Ndiyo maana alimpa zile hesabu, ingawa hakuthubutu kumwambia sababu. Alikuwa na wajukuu sita wanaokula kwa kazi ile.

Wakaenda Gongoni kwa miguu, mzee mbele, binti nyuma. Katika sanduku lake la bati, chini ya hati ya nyumba, Abasi alikuwa ameihifadhi pruf yenyewe, ile karatasi ndefu ya kujaribia ambayo mhariri, akipata wakati, husahihisha kabla ya gazeti kuchapwa. Hadithi ilikuwapo yote. Mistari thelathini ya mwisho ilikuwa imezungushiwa bluu. Mmoja kati yake ulipigiwa mstari mara mbili, kwa nguvu, mpaka karatasi ikachanika.

*Mwanafunzi wa seminari, aliyekuja likizo, akafungua mgongo wa kinanda, akaisukuma nta ndani, nyuma ya mivukuto ya kupulizia upepo.*

Ukingoni, kwa mwandiko wa Lugembe, palikuwa na maneno mawili. *Nani amemwambia?*

Imakulata alisoma mara tatu.

"Nani aniambie nini?" alimwuliza Abasi. "Nilitunga. Hadithi ilitaka mwizi, nikampa mwizi. Sikuambiwa na mtu."

"Basi umepiga gizani, mwanangu," Abasi alisema, "na kuna mtu amelia."

* * *

Asubuhi yake alipanda treni ya Kigoma. Alishuka Usoke jua likiwa juu, akatembea nusu saa mpaka kwa baba yake.

Mzee Ambrosi alikuwa uani akichonga mzinga. Tangu aondolewe kanisani alirudia nyuki, kazi ya baba yake. Gogo lilikuwa limelala juu ya magogo mengine mawili, limekwisha kutobolewa upande mmoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Treni haikuchelewa leo."

Aliifuta mikono, akaipokea pruf, akaisoma tangu juu. Alipofika kwenye kinanda alisimama kidogo, kisha akaendelea mpaka mwisho. Akaikunja.

Imakulata aliapa kwamba hakuambiwa na mtu, kwamba alitunga.

"Hukutunga. Ulikuwa na miaka tisa. Kwaresima ile ulinijia mbio ukaniambia kinanda kimepata kikohozi."

Imakulata akaketi chini.

"Nikaenda kukitazama," alisema mzee. "Nikamkuta Marko Lugembe anaitoa."

Mengine aliyaeleza bila kupandisha sauti. Marko alikuwa mwanafunzi pekee wa seminari kutoka vijiji vile. Watu walikuwa wamechanga mahindi na asali kumsomesha. Alipiga magoti, akaomba asitajwe. Mzee aliahidi. Padri alipouliza juu ya nta, katekista alijibu kwamba hana la kusema, na kwa jibu hilo moja akawa mshukiwa. Alidhani amelipatia kanisa padri. Miaka miwili baadaye Marko aliacha seminari kwa hiari yake, akaenda kuwa karani.

"Na walipokuondoa mwaka huu? Bado ulinyamaza?"

"Sikumwahidi kwa miaka miwili. Nilimwahidi."

Imakulata aliuliza kama alijua nta iliuzwa ikawa nini.

"Likizo iliyofuata alikuja na saa," alisema mzee Ambrosi. "Ya fedha, ya mnyororo. Akaniambia ni zawadi. Sikumwuliza ya nani."

Imakulata alikuwa ameichagua saa kwa sababu moja tu, ilionekana kutoka mbali. Wachukuzi, mafundi cherehani, Zamda na maandazi yake, wote walikuwa wakimwuliza Lugembe juu ya nta ya altare zaidi ya wiki nzima, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye aliyeulizwa. Uongo aliouzua yeye Imakulata juu ya orodha ya vita ulikuwa mchezo tu. Silaha ya kweli ilikuwa mkononi mwa baba yake, karatasi moja iliyokunjwa mara nne, yenye mwandiko wa mwizi.

"Nimempata," alisema. "Nipe, baba. Nampelekea padri leo hii."

Mzee hakumpa. Kutoka kwenye boma la ua mtu alipiga hodi.

Marko Lugembe alikuwa amekuja kwa treni ile ile, behewa la nyuma, akafuata njia ile ile kwa mbali. Viatu vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Abasi Mabruki alikuwa amemwendea mwenyewe jioni iliyopita na kumwambia alichokifanya, kwa kuwa hakutaka alisikie kwa mwingine.

"Shikamoo, mzee Ambrosi."

Katika miaka yake yote kijijini mzee Ambrosi hakuacha shikamoo ya mtu ining'inie. Waliomwondoa ukatekista waliitikiwa. Waliomwita mwizi waliitikiwa. Sasa alimtazama Lugembe kwa muda mrefu, patasi mkononi, na marahaba haikuja.

"Saa ngapi, Marko?" aliuliza.

Gazeti la Msafara lilikuwa linafika Usoke pia.

Lugembe akaingiza mkono mfukoni. Aliitoa saa, akaufungua mnyororo, akaviweka vyote juu ya mzinga. Mlio wake ulisikika wazi katika ua ule.

Alisema bila kukaa, kwa sababu hakukaribishwa. Alipoisoma hadithi ya nta mwezi wa Machi na kukuta kinanda, aliamini mzee amevunja ahadi na kumtuma binti yake. Nani mwingine angejua? Akaukata mkia makusudi, ili mzee apate hasa kile alichotaka kukiepuka. Masahihisho alipoombwa alikataa kwa furaha.

"Nilikuwa nakulipiza," alisema. "Nilikulipiza kosa ambalo hukulifanya."

"Na leo umekuja kuomba nini?" Imakulata akauliza.

Hakuwa amekuja kuomba. Toleo la Novemba lilikuwa na nafasi ya mistari arobaini. Mkia mmoja unatosha, miwili haitoshi, na hata kama ingetosha, mmoja unamuua mwenziwe. Ukichapwa wa kinanda, Usoke yote itakumbuka mwanafunzi wa likizo alikuwa nani, naye ataondoka Msafara siku hiyo hiyo. Ukichapwa wa karani, yeye anapona na mzee anabaki alivyo. Kisha akatoa penseli ya bluu, akailaza kando ya saa.

"Mimi nimekata vya kutosha. Kata wewe, mzee."

Imakulata alitoa mkobani nakala ya mkia wa karani na kuitandaza juu ya gogo. Hakuwa na hofu. Nani angechagua vinginevyo? Ndipo alipomtazama baba yake usoni, akakumbuka kwamba swali hili mzee aliwahi kuulizwa zamani, mbele ya kinanda, na akachagua.

"Baba," alisema. "Majilio ni wiki sita."

Mzee Ambrosi aliweka patasi chini. Aliikunjua pruf, akaiweka sambamba na ile nakala. Akasoma zote mbili tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kidole kikitembea, bila kuruka. Lugembe alisimama akimtazama mtu akisoma mkia.

Kisha mzee akachukua penseli. Akapiga mstari wa bluu juu ya mkia wa karani, kutoka pembe hadi pembe. Imakulata akafumba macho kwa shukrani. Alipoyafumbua, penseli ilikuwa inamalizia mstari wa pili, juu ya mkia wa kinanda.

"Baba, umekata vyote."

"Hivi vyote viliandikwa na mtu ambaye hakuwapo, au hakuona vizuri." Akaigeuza pruf upande wake mweupe, akailaza juu ya mzinga. "Arobaini, umesema? Nihesabie, mwanangu, nisizidi."

Akaandika polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika majina ya wabatizwa. Imakulata aliinama, akasoma nyuma ya mkono wake.

*Mimi Ambrosi Shilinde naliiona nta ikitoka kwenye kinanda. Siku hiyo tulikuwa watu watatu.*

Imakulata akahesabu. Baba yake. Marko. Akahesabu tena, akapata wawili.

Lugembe alikuwa amekuja Usoke akiwa tayari kupoteza kazi, jina na saa. Aliposoma mstari wa pili aliushika ukingo wa mzinga kwa mikono miwili, akapiga magoti vumbini, pale pale mbele ya binti.

"Mzee, huyo wa tatu usimwandike. Niandike mimi peke yangu."

Mzee Ambrosi alilowesha ncha ya penseli ulimini.

"Umenipa nafasi ya arobaini, Marko," alisema. "Nimetumia miwili tu."